Huyu Mtoto Ana Adabu, Hasemi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wazazi, walimu na vijana wa Langoni na Mkomani, mitaa yetu ya mji wa Lamu, siku tulipoitwa kuwaaga wanaoingia vyuoni. Nimeyaandika kama yalivyotoka, kwa ajili ya waliokuwa baharini na waliokwama gatini Mokowe, ng'ambo ya bara, siku ile.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, shangazi zangu, walimu wangu, na nyinyi wadogo mlioketi pale mkekani: nawasalimu. Wageni wetu wa bara, wa Hindi na Mpeketoni, karibuni kisiwani. Kwa ajili yenu nitajikaza niseme Kiswahili cha shuleni. Nikiteleza nikaingia Kiamu, lahaja yetu ya hapa Lamu, mnistahimilie.

Nimeambiwa nieleze kwa nini mtu aliyepata alama za kwenda chuo kikuu akaamua kusomea ualimu, tena ualimu wa gredi ya kwanza. Swali hili sikuanza kulisikia leo. Shangazi yangu mmoja, naye yuko hapa namuona, alipopata habari alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wa sekondari?" Nikamwambia wa msingi. "Wa wale wakubwa basi, wa mtihani?" Nikamwambia la, wadogo kabisa, wale wanaolia wakiachwa mlangoni. Akasema, "Haya. Mungu ni mkubwa."

Hivyo ndivyo mtu anavyopewa pole matangani.

Kuhusu mshahara sina mengi. Mwajua wenyewe. Mwajua pia kwamba waweza kumaliza chuo ukakaa miaka ukingoja TSC, tume ya kuajiri walimu, ikuajiri, na kwamba wengi huanza wakiwa walimu wanagenzi, kwa posho ambayo ukitoa nauli ya boti na kodi ya chumba hubaki ya kununulia chaki. Nalijua hilo kabla sijaingia. Tuliache.

Leo nataka kusema jambo moja. Moja tu. Kuna sifa tunayowapa watoto wetu hapa Lamu, na mimi naiogopa sifa hiyo kuliko ninavyomwogopa mtoto mtundu. Sifa yenyewe ni hii: "Huyu mtoto ana adabu, hasemi."

Mmepata kuisikia? Mmepata kuisema? Mimi nimesifiwa hivyo miaka mitatu, na nitawaambia ilikuwaje.

Nalianza darasa la kwanza mwaka 2010. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure tangu 2003, na watoto walikuwa wamejaa. Dawati la wawili tulikaa wanne. Mwalimu wetu alikuwa mgeni, ametoka mbali, hajatimiza mwaka hapa. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema ili msije mkaanza kumtafuta. Siku moja akachora mtu ubaoni, akatuambia tuandike majina ya viungo vyake. Mimi nikafurahi, kwa sababu kuandika nalishafunzwa na mamangu kabla ya kwenda shule. Nikaandika mbio mbio. Kitwa. Mato. Zanda. Kwenu wageni: kichwa, macho, vidole.

Daftari likarudi limekuwa jekundu. Kitwa, kosa. Mato, kosa. Zanda, kosa.

Nikaenda nyumbani, nikasimama mbele ya kioo, nikajishika kitwa. Kilikuwapo.

Mwacheka. Hata mimi sasa hucheka. Lakini mtoto wa miaka sita hacheki. Mtoto wa miaka sita hajui kwamba kuna lahaja. Hajui kwamba mwaka 1928 watu walikutana Mombasa wakakata shauri kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na Kiamu, kilichokuwa kikitungiwa tenzi miaka na miaka, kikaachwa nje ya darasa. Hayo nimeyajua chuoni. Siku ile nalijua jambo moja: neno alilonifunza mamangu ni kosa. Na kama neno la mama ni kosa, mama mwenyewe je?

Basi nikafanya ambalo mtoto yeyote mwenye akili angelifanya. Nikanyamaza. Anyamazaye hakosei.

Darasa la kwanza, nimenyamaza. La pili, nimenyamaza. La tatu, nimenyamaza. Mwalimu akiuliza, mato tini. Ripoti ikija imeandikwa: mtulivu, ana adabu. Mamangu akaichukua ripoti ile akaitia kidakani, pale penye vikombe vya kaure vya nyanya yangu, wageni waione. Nami kila nikipita nikiitazama nilikuwa nikijua kile ambacho hakuna mtu mwingine nyumba nzima alikijua, kwamba ile si adabu. Ni hofu iliyovaa kanzu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana najua mji wetu, maneno yakifika pwani huwa yashageuka. Sisemi Kiswahili sanifu kisifunzwe. Mtoto wa Lamu atafanya mtihani ule ule wa mtoto wa Kisumu, ataandika barua ya kazi, atasimama mbele ya hakimu. Sanifu aijue, tena aijue barabara. Ninalosema ni kwamba mtoto akiandika "mato", mwalimu aandike ubavuni mwake "macho", kisha amwambie: wewe una maneno mawili sasa, mwenzako wa Nairobi ana moja. Basi. Wino ni ule ule. Wala si jambo nililolizua mimi. Tume ya elimu ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afunzwe kwa lugha ya mahali anapokaa, na ndiyo sera ya nchi hadi leo. Sera iko. Na kalamu nyekundu nayo iko.

Sitaki mdhani kwamba niliamua kuwa mwalimu siku ile ya kioo. Siku ile niliamua kutokuwa chochote.

Uamuzi ulikuja mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne waliitwa Oktoba. Sisi wengine tukakaa mpaka Januari 2021. Nalikuwa kidato cha tatu. Nyumbani kulikuwa na wadogo zangu na jirani wa mkabala alikuwa na wake, jumla yao saba. Masomo yalikuwa yakipitia redioni, nayo ni kazi nzuri iliyofanywa, lakini mdogo wangu wa gredi ya pili alikwenda akaizima redio. Tulipomuuliza kwa nini, akasema, "Yule mtu namjibu hanisikii."

Basi nikawakusanya dakani. Wageni wa bara, daka ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe huku na huku, pale mgeni anapokaa kabla hajaamuliwa kama ataingia ndani. Nikashika ufito. Nikawa mwalimu kama nilivyowaona walimu: nasema, wanarudia, nauliza, wananyamaza, najijibu, wanarudia. Alifu kwa kijiti, kweli kweli. Siku ya kwanza walikuja saba. Ya pili, watano. Ya nne, wawili, na mmoja wao alikuwa amelala.

Nyanya yangu alikuwa ndani akisuka ukili. Akaniita. Akaniambia, "We mwana, hayo uwaulizayo, huyajui?"

Nikamwambia nayajua.

"Basi wawauliza nini?"

Wallahi, nimesomea kazi hii, nimefanya mitihani ya saikolojia ya mtoto, na bado sijakutana na swali zito kama lile. Sisi walimu tunauliza tunayoyajua. Hebu fikirini. Mtu akusimamishe Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, akuulize msikiti wa Riyadha uko wapi. Wewe kwa wema wako umwelekeze, pinda hapa, panda pale. Amalizapo kukusikiliza akwambie, "Vizuri sana, umepata, mpigieni makofi." Utamwonaje mtu yule? Utasema ana wazimu, na kesho ukimwona utapita kichochoro kingine. Watoto tunawafanyia hivyo kutwa nzima, kisha twashangaa kwa nini wanapita kichochoro kingine.

Kesho yake nikauacha ufito. Palikuwa na mtoto wa miaka minane, babake mvuvi, hajafungua kinywa tangu tuanze. Nikamwuliza jambo ambalo sikulijua na mpaka wakati ule sikuwahi kutaka kulijua: jarife, ule wavu wa kuvulia, likichanika hushonwa vipi?

Akatoka mbio. Nikadhani amekimbia kama wenzake. Akarudi na kipande cha jarife na uzi na sindano yake ya mti, akakaa, akaanza kunifundisha. Tundu liwe pana kiasi gani, kwa sababu likiwa dogo utanasa visivyouzika na likiwa kubwa utalisha bahari. Fundo gani hushika na fundo gani huteleza. Nikafanya vibaya, akanicheka. Nikafanya tena vibaya, akanipokonya. Tulipofika kwenye safu nne za matundu kumi na mawili, nikamwuliza tutahitaji mafundo mangapi. Akaanza kuhesabu kwa zanda zake. Zikamwishia. Akazichukua zangu.

Sina hakika kama mwanielewa. Mtoto yule alikuwa ameketi mbele yangu siku tatu, na mimi nimeandika kichwani mwangu kwamba ni mzito. Mzito alikuwa nani?

Wako watakaosema haya ni mambo ya kisasa, yameletwa na wizara. Nawauliza watu wa Langoni: Habib Swaleh alifanya nini hapa? Alikuja mji huu kutoka Ngazija akiwa kijana, akakaa upande huu wetu, akawafunza watu ambao wakubwa wa wakati ule hawakuona haja wafunzwe: wageni, mafukara, waliokuwa watumwa na wana wao. Leo watu hutoka nchi nyingi kuja Maulidi pale Riyadha. Mimi sina elimu yake hata nukta ya herufi. Lakini kila nikiingia darasani huuliza nafsi yangu, hapa leo ni nani ambaye hatuoni haja afunzwe? Mara nyingi ni yule wa dawati la nyuma asiyetusumbua.

Nisije nikawaonyesha kwamba mimi nimeshafika. Nitawaambia nilivyoumbuka.

Nilipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, nilipelekwa shule moja huko bara, ndani kidogo, baada ya kuvuka Mokowe. Gredi ya tatu, somo la hesabu, mada ni saa. Mimi nilishajua kila kitu: anza na anachokijua mtoto. Nikatayarisha somo zuri, nimelichora mpaka mwezi na bamvua. Nikasimama nikawauliza, maji yakijaa leo saa sita mchana, kesho yatajaa saa ngapi? Nyinyi hapa wote mwalijua jibu. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ni kama saa saba kasoro dakika kumi. Mtoto wa Shela atakwambia huku akila.

Darasa likanyamaza. Nikarudia. Likanyamaza. Nikajiambia, maskini, wanaogopa. Mwisho msichana mmoja akainua mkono akauliza kwa upole, "Mwalimu, maji gani? Ya kisima?"

Walikuwa watoto wa wakulima na wafugaji. Wengine bahari hawajaiona ila kwa mbali. Nalikuwa nimewapa daftari jekundu, mimi mwenyewe, bila kalamu. Nimewapelekea kisiwa changu nikadhani ni dunia.

Nikaifuta bamvua yangu. Nikawauliza, nyinyi nyumbani saa mwaijuaje? Hapo wakasema wote kwa pamoja mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Saa yao ni basi. Basi la Mombasa lililotoka Mokowe asubuhi likipita, mama asema mmechelewa. La jioni likirudi, mbuzi wawe wameshaingia. Lisipopita kabisa, kuna jambo, na baba hutoka kwenda kusikiliza. Tukafanya hesabu za basi wiki mbili. Limetoka saa ngapi, limefika kwetu saa ngapi, limetumia dakika ngapi, na siku lilipopasuka gurudumu lilichelewa kiasi gani. Lile la gurudumu walilipenda sana.

Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi, maana najua hapa nimesimama mbele ya watu walioinuliwa nayo. Mzazi mmoja alinijia kule amemshika mwanawe mkono huu na bakora mkono huu. Akaniambia yale maneno ya wazee: "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Ningeweza kumjibu kwa sheria. Fimbo shuleni imepigwa marufuku tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza. Lakini mtu aliyekuja kwako na mwanawe humtolei sheria. Nikamwuliza, "Huyu akivunja sahani nyumbani, huja kukwambia?"

Akacheka. "Aka! Huvificha vigae."

Nikamwambia, "Basi na hesabu asiyoijua ataificha vivyo hivyo. Nami nitaitafuta wapi?"

Hakukubali. Aliniona mwalimu laini. Lakini mtoto aliniachia na bakora akaondoka nayo, na mimi nikaridhika na hapo.

Mabwana na mama zangu, nina ombi moja kabla sijakaa. Tangu mtaala huu wa umilisi uanze kwa madarasa ya chini mwaka 2019, nimesikia vilio vyenu. Leo manila, kesho gundi, keshokutwa vifuniko vya chupa, na saa nne za usiku mtoto anakumbuka kwamba mwalimu alitaka picha ya ngamia. Baba mmoja aliniuliza kama anayesoma ni mwanawe au ni yeye. Ana haki. Mimi nawaahidi nitawatuma dukani mara chache. Lakini nipeni kitu kingine badala yake: njooni darasani. Fundi wa majahazi wa Matondoni aje na keekee yake atoboe ubao mbele ya watoto, wamwulize kwa nini tundu la msumari litobolewe kwanza. Mama anayepika mofa aje atuambie ajuaje kwamba tanuri limefika. Nahodha wa Kizingitini atueleze kwa nini mkondo wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakipwa, na alikwama siku gani, na abiria walimtukana vipi. Hamna haja ya kujitayarisha. Watoto wataamua wenyewe wataka kujua nini, nanyi mtaulizwa na mtu asiyejua jibu. Mtaona raha yake.

Kule bara palikuwa na mtoto mmoja wa kiume, gredi ya kwanza. Kwao hawasemi Kiswahili nyumbani. Muhula mzima sikumsikia sauti. Nilimwomba mwenzangu anifunze maamkizi ya lugha yao, nikamwamkia nayo. Akanitazama, kisha akatazama dirisha. Nikamletea nyavu, akaishika, akairudisha. Nikakaa naye sakafuni bila kumwuliza lolote. Nilipozungumza na wenzangu ofisini, mmoja akaniambia, "Yule hana shida, yule ana adabu."

Najua mwangoja niseme kwamba siku ya mwisho alisimama akasema. Hakusema. Muhula uliisha, nikavuka nikarudi chuoni, na mpaka leo sijui sauti yake ni nyembamba au nene. Shangazi, uliniuliza kwa nini wadogo kabisa. Ni kwa sababu yake. Akifika darasa la juu hivyo alivyo, atakuwa ameshazoea, na sisi tutakuwa tumeshamzoea.

Sasa nimeambiwa kuna maswali, na kwamba kwa desturi wazee ndio wanaoanza. Nawaomba radhi wazee wangu, na nitawaendea mmoja mmoja baadaye niwabusu mikono. Kaka mwenye maiki, usije huku mbele. Ipeleke pale mkekani. Ndiyo, pale. Mpe yule wa mwisho kabisa, mwenye kofia, anayejificha nyuma ya dadake. Asipotaka kusema aishike tu. Tutangoja.